Marinda ya kilti: mchoro huamua kina, nyonga huamua upana

Anayeshona kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, nyumbani kwa mara ya kwanza huogopa mkasi, na hapo si pa kuogopa. Mezani kuna mstatili mmoja mrefu wa kitambaa cha sufu, mita saba na ushee, na karibu mpaka mwisho wa kazi mkasi hautaugusa. Hakuna mapande ya kuunganisha kama ya suruali, hakuna zipu, hakuna pindo la chini: ukingo wa kitambaa kama ulivyotoka kwa mfumaji ndio unaokaa magotini. Vazi hupata umbo lake kwa kukunjwa. Marinda ya nyuma, ambayo kwa mtu mzima wa umbo la kawaida huwa kati ya 20 na 30, ndiyo yanayobeba kila kitu: ukubwa wa vazi, jinsi linavyopungua kutoka nyongani kwenda kiunoni, mpangilio wa rangi, na lile wimbi la nyuma mvaaji anapotembea.

Ugumu unatokana na jambo moja ambalo maelekezo mengi hulipita haraka mno. Rinda la kilti lina vipimo viwili, na kila kimoja kina asili yake. Kuna upana, yaani sehemu ya rinda inayoonekana kwa nje, na kuna kina, yaani kitambaa kilichofichwa ndani ya mkunjo. Upana hutoka kwenye mwili wa mvaaji. Kina hutoka kwenye mchoro wa kitambaa. Fundi anayevichanganya viwili hivi atakunja vizuri, atashona vizuri, na bado kilti itamkataa, ama kwa kubana, ama kwa kuonyesha mistari iliyokatikakatika kama ukuta uliopakwa rangi na watu wawili wasiosikilizana.

Mafundi wetu wanaoshona sketi za shule za marinda wamezoea kanuni nyepesi: rinda moja hula kitambaa mara tatu ya upana wake. Unapima kwa tepu, unatia alama ya chaki, unakunja, unasonga mbele. Kwa kitambaa cha rangi moja kanuni hiyo inatosha kabisa. Kwenye tartani, yaani kitambaa cha kilti chenye mistari ya rangi inayokatizana wima na mlalo, haifai, kwa sababu kila unapokunja unachagua rangi ipi ionekane na ipi ijifiche, na tepu haijui rangi.

Kwanza usome kitambaa

Tartani hufumwa kwa mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za kukatiza) wenye mpangilio uleule wa rangi, na kila uzi hupita juu ya nyuzi mbili kisha chini ya nyuzi mbili. Ndiyo maana ukiinamia kitambaa unaona vijistari vya mshazari, na ndiyo maana rangi mbili zinapokutana huzaa ya tatu iliyochanganyika. Ukianzia mstari fulani ukaenda mpaka mpangilio mzima uanze upya, umepita duru moja ya mchoro. Kitambaa kimoja kinaweza kuwa na duru ya sentimita 12, kingine 18, kingine zaidi ya 20. Kipimo hiki ndicho cha kwanza kukichukua, kabla hata ya kumpima mvaaji. Usikipime mara moja tu. Pima duru tano mfululizo kisha gawanya kwa tano, kwani kitambaa hunyooka kidogo mkononi na milimita moja ya kosa hapa itakufuata mpaka mwisho.

Tartani nyingi ni linganifu: rangi hufika kwenye mstari wa katikati kisha hurudi kwa mpangilio uleule kinyume, kama mtu anayepanda ngazi na kushuka. Chache si linganifu, na ya ukoo wa Buchanan wa Uskoti ndiyo inayojulikana zaidi kati yake. Tofauti hii ina maana kubwa kwa anayenunua kitambaa kipana cha mita moja na nusu na kukipasua katikati kwa urefu ili apate vipande viwili vya kuunganisha. Kipande cha pili lazima kizungushwe, juu kuwe chini, ili ukingo wake uende magotini. Kwa tartani linganifu hakuna atakayejua. Kwa isiyo linganifu, rangi za kipande hicho zitasomeka kinyumenyume na marinda yako yatagoma kuungana katikati ya mgongo. Mwenye kitambaa cha aina hiyo afadhali atafute kilichofumwa kwa upana mmoja, urefu wake wote.

Sasa kuna njia mbili za kupanga marinda, na lazima uchague moja kabla ya kushika chaki.

Njia ya kwanza ni kufuata mstari. Unachagua mstari mmoja ulio wazi na kuuweka katikati ya kila rinda. Rinda la kwanza lina mstari huo, la pili lilelile, mpaka la mwisho. Kwa kuwa unatoka mstari hadi mstari ulio sawa nao, kila rinda hula duru moja kamili, basi. Hii ndiyo njia ya kijeshi. Kikosi cha Gordon Highlanders kilivaa tartani ya samawati iliyokolea, nyeusi na kijani yenye mstari mwembamba wa manjano, na marinda yake yalifuata ule wa manjano. Kwa nyuma askari alionekana na safu ya mistari ya manjano iliyosimama wima, na alipopiga hatua rangi zilizojificha ndani zikachomoza na kupotea. Mvuto wa njia hii ni huo hasa, kwamba vazi lina sura moja likitulia na nyingine likienda.

Njia ya pili ni kufuata mchoro. Hapa unataka mgongo wa kilti uonekane kama kitambaa ambacho hakijakunjwa. Rinda la kwanza linaonyesha kipande fulani cha mchoro, la pili linaonyesha kipande kinachofuata, na hivyo hivyo hadi mchoro mzima ujengeke upya kwa vipande vyembamba vya sentimita mbilimbili. Ili kufika huko, kila rinda hula duru moja ya mchoro pamoja na upana wa rinda lenyewe. Ile nyongeza ndogo ndiyo inayosogeza picha mbele. Wengi huisahau, wakatumia duru moja tupu, kisha wakashangaa mbona mstari uleule unajirudia.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni afuate mstari. Jicho linapata kitu kimoja cha kukagua, na uzi wa rangi moja unatosha kwa marinda yote kwa sababu ukingo wa kila rinda huangukia rangi ileile. Anayefuata mchoro hubadilisha uzi karibu kila rinda.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mtu mwenye nyonga za sentimita 104 na kiuno cha sentimita 88. Kiuno cha kilti kiko juu kuliko cha suruali, kwenye kitovu au juu yake kidogo, na nyonga hupimwa mahali penye mzunguko mkubwa kuliko pote, tepu ikiwa imelegea. Kilti hufungwa kwa kupishana mbele, kwa hiyo mzunguko wa mwili hugawanywa mara mbili: nusu kwa aproni, yaani sehemu bapa ya mbele, na nusu kwa marinda. Marinda yetu basi yajaze sentimita 52 nyongani na 44 kiunoni.

Kitambaa ni mita 7.3, sawa na yadi nane ambazo ndizo kipimo cha kawaida cha kilti kamili. Toa aproni ya juu na ya chini, mikunjo mikubwa ya pembeni inayoficha ukingo wa aproni, na ziada ya kingo na ya maungio: karibu mita mbili zimeondoka. Imebaki mita 5.3 kwa marinda. Duru ya mchoro wetu ni sentimita 18. Tukifuata mchoro, kila rinda litakula 18 na 2, jumla 20, na tutapata marinda 26. Ukigawanya 52 kwa 26 unapata sentimita 2 kamili za upana nyongani. Tukifuata mstari, kila rinda linakula 18 tu, marinda yanakuwa 29, na upana unashuka hadi milimita 18 hivi. Mwili ni uleule na kitambaa ni kilekile, lakini idadi ya marinda imebadilika kwa sababu ya njia tuliyochagua. Hii ndiyo sababu huwezi kuuliza fundi "kilti ina marinda mangapi?" ukapata jibu moja.

Turudi kwenye yale 26. Kiunoni yanapaswa kujaza 44, kwa hiyo kila moja lina milimita 17 badala ya 20. Rinda linapungua milimita tatu tu kutoka nyongani hadi kiunoni, na katika milimita hizo tatu umo mkato wote wa vazi hili. Suruali hupata umbo kwa kukatwa, kilti hulipata kwa kunyang'anya kila rinda kipande chembamba kuliko urefu wa punje ya mchele. Na hesabu ina upande wake mkali: ukikosea milimita moja kwa kila rinda, umekosea sentimita 2.6 kwa jumla, na kosa hilo haliko mahali pamoja unapoweza kufumua. Limesambaa mgongo mzima.

Kwa hiyo usisubiri marinda yote yaishe ndipo upime. Kila ukimaliza matano, weka tepu nyongani: yawe sentimita 10. Yakiwa 10.3, yanayofuata yape pungufu ya nusu milimita kila moja mpaka hesabu irudi, na jicho halitaona. Upungufu wa sentimita nzima ukitokea mara moja kwenye rinda moja, hata asiyejua kushona ataona.

Sindano

Rinda hushonwa kwa mkono kutoka nyongani kupanda kiunoni, na chini ya nyonga halishonwi kabisa. Sehemu iliyoshonwa ni kama theluthi ya urefu wa kilti: kama vazi lina sentimita 60, basi 20 za juu zimeshonwa na 40 za chini zinaning'inia huru.

Kunja rinda kwenye alama ya chaki, lilaze juu ya lililotangulia, kisha kabla ya pini ya kwanza tazama mistari ya mlalo. Tartani ina mistari pande zote mbili, na macho ya watu yakiwa nyuma yako yatakamata mlalo uliovunjika haraka kuliko wima uliopinda. Tia pini pale ambapo kila mstari wa mlalo unakutana na mwenzake wa rinda la jirani. Anzia nyongani, panda. Pini za kati zikikataa kukaa, ujue umevuta kitambaa. Toa zote uanze tena. Ukingo wa rinda linalopungua hautembei sambamba na uzi wa mtande bali huenda kidogo mshazari, na kitambaa kikiwa mshazari hunyooka kwa urahisi. Mkono mzito ndio adui hapa.

Sindano huingia kwenye kitambaa cha chini, karibu kabisa na ukingo wa mkunjo, kisha hutokea kwa kukamata nyuzi moja au mbili za ukingo wenyewe. Inarudi chini palepale ilipotokea, inasogea milimita mbili na nusu ndani, inatokea tena. Uzi ukivutwa vizuri unazama kati ya nyuzi za sufu na hauonekani. Ukivutwa kupita kiasi, ukingo unapata vishimo vidogo vidogo kama ngozi iliyosisimka. Kwa mishono minne kila sentimita, sentimita 20, marinda 26, unazungumzia mishono elfu mbili na zaidi. Mshono wa kwanza pale nyongani urudie mara mbili tatu, maana hapo ndipo rinda litakapovutwa kila mvaaji akikaa.

Milimita tatu za kupunguza zitoke wapi? Kama unafuata mstari, toa nusu kila upande ili mstari ubaki katikati ya rinda mpaka kiunoni. Ukitoa upande mmoja tu, mstari utaanza katikati na kuishia pembeni, na marinda yote yataonekana yanalala upande mmoja.

Je, cherehani? Kwa kilti ya pamba nzito ya rangi moja, cherehani inafaa na sioni sababu ya kujitesa. Kwa tartani ya sufu siipendekezi. Meno ya cherehani husukuma kitambaa cha chini huku mguu wake ukikikokota cha juu, na mwisho wa sentimita 20 mlalo uliokuwa umeungana nyongani umeachana kiunoni. Unaweza kushikiza kwa uzi kila rinda kabla ya kulipitisha, lakini ukishafanya kazi hiyo yote kwa mkono, mshono wenyewe umebaki kidogo.

Ndani, mahali pasipoonekana

Marinda yakishashonwa, geuza vazi. Utaona unene wa kutisha, tabaka juu ya tabaka. Kwanza pitisha uzi kwa ndani kukatiza mgongo mzima usawa wa nyonga, ukishika tabaka za ndani za kila rinda bila kutoboa uso wa nje. Uzi huu ndio unaobeba uzito wa kina cha marinda. Ukiuacha, kitambaa kilichofichwa kitalegea na kushuka, na kingo za chini zitachungulia kama shati la ndani.

Hapo ndipo mkasi unapopata zamu yake. Kitambaa kilichofichwa juu ya nyonga hukatwa na kuondolewa ili kiuno kisiwe kinene kama mto. Ni hatua isiyo na kurudi, kwa hiyo mvalishe mwenyewe kwanza, apumue, akae, ainuke. Kisha shona kanvasi kuanzia upande mmoja wa marinda hadi mwingine, ifike mahali pa mikanda na bizimu. Kazi yake ni kupokea mvuto wa kiuno, ili ile mishono elfu mbili isikatwe na mwili unaovuta. Bitana ya pamba huja mwisho na kufunika yote.

Marinda yakifunguka chini kama feni hata mvaaji akiwa amesimama, karibu kila mara kosa liko nyongani: kipimo kilichukuliwa kwa kubana, na kitambaa kinatafuta nafasi ambayo hakikupewa. Watu hujaribu kutibu kwa pasi. Pasi haiongezi sentimita. Kinachosaidia ni kufumua marinda mawili au matatu ya pembeni na kuyapa upana zaidi, au kuchota nafasi kwenye mkunjo mkubwa wa pembeni.

Pasi yenyewe ina wakati wake. Shikiza marinda yote kwa uzi mrefu kutoka nyongani hadi chini, yakiwa yamenyooka kufuata mstari wa mtande, kisha tandika kitambaa chenye unyevu juu yake na ukandamize. Usiburute. Mvuke ukishaingia, acha sufu ipoe palepale kabla ya kuisogeza, kwani mkunjo hujikaza kitambaa kinapopoa. Sufu ya kilti ya uzito wa wakia 13 hadi 16 kwa yadi hushika mkunjo huo kwa miaka. Mchanganyiko wa poliesta ni wa bei nafuu na unafulika, ila hauna utii wa sufu chini ya mvuke, na ukingo wa rinda linalopungua hautulii vizuri.

Kama huna mita saba

Yadi nane hazikuwa sheria tangu mwanzo. Vazi la kale la nyanda za juu za Uskoti lilikuwa blanketi refu lililokusanywa kwa mkono na kufungwa kwa mkanda, bila rinda lililoshonwa. Katika karne ya 18 lilifupishwa likawa la kiunoni tu. Baada ya uasi dhidi ya mfalme uliomalizikia kwenye mapigano ya Culloden huko Uskoti, sheria ya 1746 iliwakataza wanaume wa huko mavazi hayo, isipokuwa askari wa jeshi la mfalme, na ikafutwa mwaka 1782. Kilti yenye marinda yaliyoshonwa moja kwa moja ilienea kuelekea mwisho wa karne hiyo, na ilitumia yadi nne hivi. Marinda yake yalikuwa ya sanduku: mapana, machache, kingo zake mbili zikikunjwa kwenda nyuma, moja kulia na moja kushoto. Marinda membamba yanayolala upande mmoja, na kitambaa maradufu kinachoyalisha, ni mambo ya karne ya 19.

Kwa mtu wa nyumbani mwenye mita tatu na nusu za kitambaa, rinda la sanduku ni mlango mzuri. Kwa yule mvaaji wetu wa nyonga za 104, marinda nane yatakuwa na upana wa sentimita 6.5 kila moja, na yakifuata mstari kila moja litakula duru moja ya sentimita 18, jumla sentimita 144. Aproni na mikunjo ya pembeni itatoshea kwenye kilichobaki. Kina kilichofichwa ni sentimita 11.5 kwa kila rinda, nusu yake kila upande, kwa hiyo mgongo hauwi mzito na mara nyingi hakuna haja ya kukata chochote ndani. Kupunguza kwenda kiunoni kunakuwa sentimita moja kwa rinda, yaani milimita tano kila upande, kipimo ambacho hata jicho lisilozoea linaweza kukisimamia. Mstari wa katikati ukiwa ndio ulioukusudia, marinda nane yanashoneka bila papara, na mlalo wa tartani unabaki na mikutano minane tu ya kuangaliwa badala ya ishirini na sita.